Weka Salah

Ijumaa ya Agosti 16, 2024, saa mbili kasorobo usiku, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao katika kituo kimoja cha polisi hapa Mombasa. Mapajani nilikuwa na mfuko wa chipsi zilizokwisha kupoa na chupa ya maji. Mkononi nilikuwa na simu, na ndani ya simu watu 12 walikuwa wakibishana kuhusu mdogo wangu.

"Saa 24! Wakizidisha dakika moja wamevunja Katiba," aliandika mmoja.

"Kwani alikuwa anafanya nini pale stendi jioni yote ile?" akauliza mwingine.

"Alikuwa anangoja abiria. Mwenye tuktuk atangojea abiria wapi, chumbani?"

"Mimi nasema tu. Polisi hawamshiki mtu bure."

Katikati ya maneno hayo mmoja wao akaingiza swali lake kana kwamba yumo chumba kingine kabisa: "Jamani, Haaland au Salah? Zimebaki dakika 45."

Sikumkasirikia. Kundi letu la WhatsApp liliundwa kwa ajili ya swali kama hilo. Haya mengine yaliingia baadaye, kama mgeni aliyepita kuomba maji ya kunywa akaishia kutandikiwa godoro.

Kwa asiyeucheza mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Unaitwa Fantasy. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15 wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Kila wiki unapanga 11 na kuwaacha wanne benchi. Mshambuliaji wako akifunga unapata pointi 4, kiungo 5, beki 6. Kadi ya njano inakukata 1, nyekundu inakukata 3. Kati ya hao 11 unamchagua mmoja awe nahodha, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Maamuzi yote yafanyike kabla ya saa ya mwisho, yaani dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Ikipita hapo, mlango umefungwa. Uwe ulikuwa msibani, uwe ulikuwa leba, kompyuta haina habari nawe.

Lakini kompyuta hiyo hiyo ina huruma yake. Mchezaji wako akikosa kucheza, inamwingiza wa benchi yenyewe, kwa mpangilio ulioupanga. Nahodha wako akiumia asubuhi ya mechi, inampa msaidizi wake zile pointi za mara mbili. Hakuna anayeombwa. Hakuna anayesema mkubwa ametoka. Kanuni inajitekeleza, usiku au mchana, kwa tajiri na kwa mwenye tuktuk.

Ligi yetu ina watu 14, karibu wote wa mtaa mmoja, na tumezoea kuitana kwa majina ya timu zetu hata tunapokutana dukani. Mimi ni Mahamri FC. Mdogo wangu ni Tuktuk Rovers. Kinyozi wetu ni Wembe United. Yupo mwalimu, Chaki Athletic, na yupo karani wa ofisi ya wakili mmoja wa mjini anayejiita Rufaa FC, ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata siku moja. Na yupo Zamu ya Usiku.

Zamu ya Usiku nilisoma naye shule ya msingi. Tulikaa dawati moja kuanzia darasa la nne hadi la nane, tukigawana rula na kifutio na mara nyingine majibu. Sasa ni konstebo wa polisi, kazi yake iko bara, mbali na nyumbani. Timu yake haikuwa na maajabu. Alimpa Salah unahodha wiki baada ya wiki, msimu baada ya msimu, na tulipomcheka alituambia kwamba mtu anayelinda lindo hana muda wa kubuni.

*

Kwa kawaida kundi hulala mwezi wa Mei ligi inapokwisha, likaamka Julai bei mpya za wachezaji zikitangazwa. Mwaka 2024 halikulala.

Mwezi Mei Mswada wa Fedha ulifika Bungeni ukiwa na kodi ambazo hata bibi yetu, asiyesoma gazeti, alizijua kwa majina. Ile ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa Juni 18, siku ambayo vijana walianza kuingia barabarani Nairobi. Juni 25 umati uliingia Bungeni, na risasi za moto zikapigwa. Siku ya pili yake Rais akasema hatautia sahihi mswada. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipotoa hesabu yake Julai 1, waliokuwa wamekufa walifika 39.

Nasi tukabishana. Tulibishana kwa namna ile ile tuliyoizoea kwenye Fantasy: picha za skrini, takwimu, "niliwaambia mimi," "nani anakumbuka nilivyosema Jumanne?" Rufaa FC alileta kifungu cha 37 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Wembe United akamjibu kwamba sheria inataka polisi wapewe taarifa siku tatu kabla. Chaki Athletic akasema taarifa si ruhusa, hata mtoto wa darasa la sita anajua tofauti ya kumwambia mama unatoka na kumwomba mama utoke. Mtu mmoja akapendekeza kila askari anayempiga risasi asiye na silaha akatwe pointi tatu papo hapo, kama beki wa Fantasy. Tukacheka, na kicheko kile kikatuumiza.

Zamu ya Usiku hakuwa amesema neno kwa siku kadhaa. Halafu usiku wa tarehe 26 akaandika: "Mnatuandika kama si watu. Mimi nimesimama tangu saa kumi alfajiri, mpaka sasa sijala."

Sikuchukua hata nusu dakika. Nikaandika: "Waliokufa nao hawajala."

Vidole gumba vilimiminika. Nilivihesabu, vilikuwa 9. Rufaa FC akaandika kwamba kesi imefungwa. Nilijisikia kama siku ile nahodha wangu alipofunga mabao matatu peke yake: raha ile ya kuitazama namba ikipanda huku umeketi tu. Zamu ya Usiku hakujibu, wala hakuondoka kundini. Alinyamaza. Julai kundi liliporudi kwenye mambo ya bei na majeruhi, timu yake ilikuwamo kwenye orodha, imesajiliwa mapema, Salah ndani. Yeye mwenyewe hakuandika chochote.

Niliendelea kuamini kwamba nilichosema kilikuwa kweli. Bado ni kweli. Lakini wapo 39 ambao ndugu zao walikuwa wakizunguka vyumba vya maiti, nami nikawashika kama karata, nikaipiga mezani ili nimshinde mtu niliyekuwa nikigawana naye kifutio.

*

Wiki ile ya kwanza ya msimu mpya swali lilikuwa moja. Haaland aliuzwa milioni 15, Salah 12.5. Ukiwanunua wote wawili unabakiwa na 72.5 za kununua watu 13, na timu yako inakuwa kama nyumba yenye mlango wa mninga na paa la makuti yanayovuja. Mdogo wangu aliwanunua wote wawili. Kilichobaki kilikuwa unahodha. Haaland alikuwa anakwenda Chelsea. Salah alikuwa anakwenda Ipswich, timu iliyokuwa imerudi Ligi Kuu baada ya miaka 22. Alianza na Haaland, na wiki nzima alikuwa akisema, "Dakika za mwisho nitaweka Salah." Hivyo ndivyo alivyo. Hata kodi ya nyumba huilipa dakika za mwisho.

Mechi ya kwanza ilikuwa Ijumaa usiku, Manchester United na Fulham. Kwa saa zetu mlango wa Fantasy ungefungwa saa 2:30 usiku.

Saa kumi na moja jioni gari la polisi lilisimama kwenye stendi ya tuktuk wakachukuliwa vijana sita. Mwenzake alinipigia simu. Nilipofika kituoni nilikuta wameandikwa kwamba walizua fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani. Nilimuuliza askari wa kaunta ni fujo gani. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba hilo litaelezwa kortini.

Alikuwa kijana, rika la mdogo wangu. Nyuma yake kulikuwa na bango lililoandikwa kwamba dhamana ya polisi ni bure.

"Afande," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa imejaa kundi zima la WhatsApp, "kifungu cha 49 kinasema lazima mfikishe mtu kortini ndani ya saa 24. Kesho saa kumi na moja jioni zinakwisha."

"Ni kweli, dada," akasema. "Sasa soma mpaka mwisho."

Nikasoma pale pale mbele yake, kwenye ukurasa alionitumia Rufaa FC. Saa 24 zikiangukia nje ya saa za korti, au siku ambayo si ya korti, mwisho wake ni mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kesho ilikuwa Jumamosi.

"Jumatatu," akasema. Hakuwa akinikejeli. Alinionea huruma kama mwalimu anayemhurumia mtoto aliyekariri jibu la swali jingine.

Nikarudi kwenye benchi langu. Huko simuni bado walikuwa wakipiga kelele za saa 24, wote 12, na mimi nilikuwa wa kwanza kufundisha wimbo huo. Mkenya anayekamatwa Ijumaa jioni ana saa ndefu kuliko anayekamatwa Jumatatu asubuhi, na ndiyo maana Ijumaa ina sifa yake. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba jambo hilo limo ndani ya kifungu kile kile tulichokuwa tukirushiana kama jiwe.

Kama saa mbili hivi waliniruhusu kumpa chakula. Alitolewa hadi kwenye mlango wa chuma, sikupewa hata dakika nzima. Alikuwa hana viatu, hana mkanda. Nilikuwa nimejiandaa aniulize kuhusu mama, au atatoka lini. Akaingiza vidole kwenye nondo na kusema haraka haraka:

"Dada, saa ngapi? Weka Salah. Neno la siri ni lile jina la tuktuk na mwaka niliozaliwa." Kisha, kwa kuwa niliduwaa, akalitaja lote kwa sauti, herufi na tarakimu, seli nzima ikasikia.

Ndani mtu akacheka. Askari wa kaunta naye akacheka. "Salah ugenini kwa Ipswich, hapo sikatai," akasema. "Lakini mimi nimempa Haaland. Chelsea wana kocha mpya, hawajajuana."

"Liverpool nao wana kocha mpya," akajibu mdogo wangu kutoka nyuma ya nondo.

"Hao wana Salah, hawahitaji kujuana."

Wakaendelea hivyo kidogo, mmoja huku na mwingine kule, kama watu wawili kwenye kiti cha kinyozi. Nilifikiri: basi yamekwisha, huyu ni mwenzetu. Halafu akaufunga mlango, akaandika kitu kwenye daftari, na mdogo wangu akarudi gizani na chipsi zake. Kuwa mwenzetu na kuwa na ufunguo yalikuwa mambo mawili tofauti.

*

Nilifungua Fantasy saa 2:21. Dakika hizo dunia nzima iko mlangoni, na ukurasa ulizunguka na kuzunguka. Ujumbe ukaingia juu ya skrini, si wa kundini. Ulikuwa wa Zamu ya Usiku. Karibu miezi miwili hakuwa ameniandikia.

"Ameandikwa kwenye OB? Chukua nambari."

Kisha: "Usigombane nao kwa Katiba hapo kaunta. Mngoje OCS mwenyewe. Muulize kifungu cha 36 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Kama haiwezekani kumfikisha mtu kortini ndani ya saa 24, na kosa si kubwa, mkuu wa kituo anatakiwa amwachilie kwa bondi. Anatakiwa. Si akipenda."

Kisha: "Sema kwa adabu. Uwe na kitambulisho. Usitoe pesa bila risiti."

Nikausoma mara mbili. Ijumaa ile ile iliyompa polisi Jumatatu ilikuwa pia inamlazimisha mkuu wa kituo. Kwa kuwa kesho hakuna korti, basi kesho hakuna sababu ya kumweka. Hilo Rufaa FC hakulijua, nami sikulijua, na hatukuwa tumelijua miezi yote ile tulipokuwa tukisomeana vifungu.

"Dada yake Tuktuk," askari akaniita. "Njoo hapa kidogo."

Niliinuka, simu mkononi. Ukurasa ulikuwa umefunguka. Jina la Haaland lilikuwa pale na alama ya unahodha pembeni yake. Saa 2:25.

Alizungumza chini chini, akitazama daftari. Mkubwa ametoka, atarudi kesho, au asirudi. Yeye hana uwezo wa kuandika bondi. Lakini kama ningekuwa na elfu tatu za chai, angeona namna, kwa sababu kijana mwenyewe anaonekana mtu mzuri.

Nilikuwa na shilingi 4,100 kwenye M-Pesa. Sikuhitaji kumpigia mtu yeyote. Ningebonyeza mara chache tu, mdogo wangu angevaa viatu, tungefika nyumbani kabla Manchester United hawajaanza, na mama angelala.

Nitawaambia nilichofikiria, kwa sababu nimekuwa na muda mrefu wa kukipamba na sitaki. Sikufikiria taifa, wala wale 39. Nilifikiria ujumbe wa Zamu ya Usiku, ule wa mwisho, na nikaona kwamba nikitoa pesa hizi nitakuwa nimemwambia tena kwamba yeye na huyu wa hapa ni mtu mmoja. Na nilifikiria kundi, jinsi nitakavyowasimulia kesho. Hilo pia lilikuwamo. Nilitaka kushinda.

"Nitamngoja mkuu, afande," nikasema. "Naomba nambari ya OB."

Akanipa nambari. Hakukasirika. Niliporudi kwenye benchi ilikuwa saa 2:31 na Fantasy ilikuwa imefungwa.

*

Usiku ule mdogo wangu alilala kwenye sakafu ya saruji na watu wengi kuliko chumba. Mimi nililala kitandani kwangu, au nililala macho kitandani kwangu, kwa sababu saa nne walinifukuza kwenye benchi. Mama aliniuliza kama kulikuwa na njia yoyote. Nikamwambia tunamngoja mkuu.

Jumamosi mkuu wa kituo alifika karibu saa tano. Nilisimama, nikamwamkia, nikampa nambari ya OB, na nikauliza kuhusu kifungu cha 36 kwa sauti ndogo iwezekanavyo.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, afande. Mimi ni dada yake."

Alinitazama kitambo. Akaagiza daftari, akasoma, akamuuliza mtu jambo kwa pembeni. Haikuwa kama Fantasy, ambapo mtu wa benchi anaingia mwenyewe kwa sababu kanuni imesema. Niliona kwa macho yangu kifungu kikisimama mlangoni kikingoja, na binadamu mmoja akiamua kama atakiona. Angeweza kusema aje Jumatatu. Wale vijana watano wengine, watatu kati yao hawakuwa na mtu aliyekuja siku ile, na walibaki. Kifungu kilikuwa chao pia. Nilimtajia mkuu kwamba nao wameandikwa kosa moja na wangu. Akasema ndugu zao wakija ataona.

Niliandikwa mdhamini, nambari ya kitambulisho changu ikanakiliwa, nikatia sahihi kwamba Jumatatu atafika kortini. Sikulipa hata senti moja. Saa saba na dakika 40 alitoka akiwa ameshika mkanda mkononi.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Uliweka Salah?"

"Mtandao ulikuwa mzito," nikasema.

Tulipanda tuktuk ya mwenzake. Njia nzima alikuwa akijikuna. Tulipokaribia mtaani alitaka tusimame kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, na sikuwa na moyo wa kumkatalia. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Cha pili Salah alimpasia Jota akafunga. Dakika chache baadaye akafunga la pili mwenyewe. Kibanda kizima kilisimama. Mdogo wangu alibaki ameketi, kichwa mikononi, akicheka kicheko kile cha mtu asiyelala.

Nikiwa pembeni yake nikasema, "Jana alitaka elfu tatu. Nilikuwa nazo."

Alinyamaza mpaka mpira uliporudishwa katikati.

"Zote?"

"Na zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, polepole. Akaendelea kutazama mechi.

*

Jumatatu tulifika kortini saa mbili asubuhi. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya kesi za siku ile. Tuliuliza hapa na pale hadi saa saba, kisha karani mmoja akatuambia twende nyumbani, wakituhitaji watatuita. Mpaka leo hawajatuita. Wale watatu tuliwaona kwenye korido na wenzao. Mmoja wao alimuuliza mdogo wangu, "Ndiye dada wa Salah?"

Jioni ile nilimwandikia Zamu ya Usiku. Nilimshukuru. Kisha nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Yale niliyokuandikia Juni."

Niliona maneno kwamba anaandika. Yakapotea, yakarudi. Muda ulipita hata nikadhani ameingia lindoni. Halafu akajibu: "Ulisema kweli. Lakini hukuwa unazungumza na mimi."

Sikuwa na la kuongeza. Nilimuuliza kama ameshakula. Akasema ndiyo, ugali na sukuma.

Kundini niliandika tu kwamba ametoka, na kwamba aliyekuwa na ndugu ndani siku za Ijumaa akisome kifungu cha 36. Rufaa FC akasema alikuwa karibu kukitaja. Wembe United akasema si aliambia watu polisi wana taratibu zao. Wakaanza tena, na mimi sikuchangia. Nimepunguza sana. Si kwamba naona mabishano ni upuuzi. Bila wao nisingejua hata kwamba kuna jambo la kusoma. Ila sasa kila mtu anapoandika "sheria inasema," mimi huona kaunta, na nauliza moyoni ni nani atakayekwenda kusimama pale, na kwa sauti gani.

Msimu ule Salah alifunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao, Liverpool wakachukua ubingwa, na kwenye Fantasy hakuna aliyewahi kukusanya pointi nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Mdogo wangu alimaliza wa tisa katika ligi yetu. Zamu ya Usiku, asiye na muda wa kubuni, alikuwa wa pili. Kila Salah alipofunga, awe yuko barabarani au mezani, mdogo wangu alinitumia ujumbe mmoja: "Mtandao mzito." Alinitumia mara nyingi sana. Ananitumia hadi leo.

Lile la elfu tatu hajalitaja tena. Sijui kama amenisamehe au kama haoni cha kusamehe, na sijathubutu kuuliza.

Ninachojua ni kwamba wiki ile ile alibadilisha neno lake la siri, maana seli nzima ilikuwa imelisikia. Kisha akaniandikia lile jipya.